Mdomo umepona, fundi wa makochi bado anajitafuta

Fundi amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu. Mkono mmoja umevuta kitambaa mpaka kimekaza, mwingine umeshika nyundo. Anatia misumari midogo mdomoni kama alivyozoea. Miwili inamponyoka na kuangukia kwenye vumbi la sponji. Anaitazama, anatikisa kichwa, kisha anaiokota.

"Zamani ilikuwa haianguki," anasema.

Zamani anayoisema ni mwaka jana tu, kabla hajafanyiwa upasuaji wa mdomo sungura aliozaliwa nao. Mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka hadi puani, na kwenye mwanya huo ndiko alikobana misumari tangu aanze ufundi. Wenzake karakanani walimtania kwamba Mungu alimpa mfuko walionyimwa wao.

Ana miaka thelathini na sita. Madaktari walimfunga mdomo kwanza, na miezi kadhaa baadaye wakaziba tundu la kaakaa. Chai haimtoki tena puani. Kovu limebaki uzi mwembamba. Kila amwonaye humpongeza, naye hujibu asante bila kujua anapongezwa kwa kazi gani.

Mtaani alikuwa akiitwa Bubu, ingawa hakuwahi kuwa bubu. Maneno yake yalipitia puani, na wengi hawakuwa na subira ya kuyasikiliza. Jina hilo alilichukia tangu utotoni. Sasa watu wanamwita Fundi, kwa heshima, naye hageuki. Mtu akiropoka Bubu upande wa pili wa barabara, shingo inageuka yenyewe.

"Najikasirikia," anasema. "Lakini ndilo nililolizoea."

Hospitali walimfundisha kusafisha kidonda na kufanya mazoezi ya kutamka. Hakuna aliyemuuliza habari za nyumbani, na nyumbani ndiko mambo yalikogeuka.

Mkewe, anayeshona mito ya makochi kwenye cherehani pembeni mwa karakana hiyohiyo, alikuwa ndiye mdomo wake. Simu za wateja alipokea yeye. Bei alipatana yeye. Hata kwenye ugomvi wa ndoa, mume akianza sentensi, mke aliimalizia, halafu akaijibu.

"Nilikuwa nagombana peke yangu pande zote mbili," anasema mama huyo akicheka. "Na kuna siku upande wake ulinishinda."

Majuzi mteja mmoja alitaka kochi lake liishe mapema kuliko walivyopatana. Mke alikuwa ameshakubali kwenye simu. Fundi akaichukua ile simu mkononi mwa mkewe na kusema haiwezekani. Neno likatoka zima, na mteja akaelewa mara moja. Mke akaacha kushona. Jioni, walipofika nyumbani, akalia.

Fundi hakujua ashike lipi. Nusu yake ilitaka kuomba radhi. Nusu nyingine ilitaka kulirudia lile neno, alisikie tena lilivyotoka. Akakaa ukingoni mwa kitanda, ameshika tama.

Mke naye hajui hasa kilichomliza. Ni yeye aliyembembeleza mumewe aende hospitali.

"Nimefurahi, usinielewe vibaya," anasema, na sauti inashuka. "Ila yule nilijua anachotaka kabla hajasema. Huyu inabidi nimuulize. Na nikiacha kumsemea, mimi ni nani kwake?"

Nyundo inasimama. "Ni mke wangu," mume anajibu polepole.

Mke anamwambia hilo analijua, silo aliloliuliza. Wanacheka wote wawili. Fundi amefunika mdomo kwa kiganja. Bado hucheka hivyo.

Siku ya posa, mjomba wake ndiye aliyezungumza. Fundi mwenyewe aliinamisha kichwa, na tangu hapo wakwe hawajamsikia akisema zaidi ya shikamoo. Mwezi ujao, kochi hili likishachukuliwa, amepanga kwenda ukweni, aketi na mama mkwe, wazungumze.

Atamwambia nini?

"Sijui. Nikifika huenda nikajua."

Anamgeukia mkewe, kama mtu anayeomba amaliziwe. Mke hainui macho kutoka kwenye mto anaoushona.

"Usinitazame mimi," anasema. "Siku hiyo nitakuwa nimekaa na mama, nasikiliza."