Mchoro wa Mama Baridi

Maabara nzima ilimwita Mama Baridi, maana kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyeulea mtambo wa kupozea, na mtambo ule haukumsikiliza mtu mwingine. Ndani yake mlikuwa na fuwele ndogo kuliko punje ya mchele, iliyopozwa mpaka chembe zake zikawa zinatikisika kwa mpigo mmoja. Kazi ya mama huyu ilikuwa kuongeza nguvu ya sumaku kidogo kidogo na kupima mpigo ule umeshikamana kiasi gani.

Asubuhi moja mstari wa kipimo hicho kwenye skrini ukazama ghafla. Baridi ilikuwa ile ile. Sumaku tu ndiyo iliyosogea. Kama maji yanavyogeuka barafu, fuwele ilikuwa imebadilika hali, na mshikamano wa chembe ndio uliotoboa siri.

"Hizo ni kelele za pampu ya mtambo, zinachafua kipimo," akasema daktari, mkuu wa maabara, macho kwenye simu. "Mama, wewe kaza nati. Fizikia tuachie sisi."

Mama Baridi akaifungua pampu, akaisafisha, akapima upya mara saba, kila kipimo akikiandika kwenye daftari lake. Mara zote saba mstari ulizama palepale. Akamwekea daktari karatasi yenye mchoro mezani.

Miezi mitatu baadaye, ukumbini, mbele ya wageni, daktari akauonyesha ukutani "ugunduzi wangu". Mchoro ulikuwa wake yule mama, hata herufi aliyoiruka kwa haraka haikurudishwa. Mama Baridi akasimama na ovaroli yake.

"Daktari, ulijuaje kwamba si kelele za pampu?"

"Tuli... tulihakikisha."

"Nani alihakikisha? Siku gani? Pampu ilifunguliwa na mkono wa nani?"

Mgeni mmoja, profesa mwenye mvi, akashuka ngazi, akaliomba daftari la Mama Baridi, akalisoma amesimama wima, ukurasa kwa ukurasa.

"Tutakushukuru mwishoni mwa makala," daktari akamnong'oneza mlangoni.

"Sikukuletea chai, baba, hata nishukuriwe! Andika jina langu juu, au mimi na daftari langu tunaondoka na yule profesa."

Likaandikwa juu, la kwanza. Wenzake wakampigia makofi. Yeye hakucheka. Samahani hakuombwa, na kila anapopita daktari karibu na mtambo, Mama Baridi hugonga chuma kwa spana kwa nguvu kupita kiasi.