Waliokuja Kumpenda Bibi Cornelia

Bibi Cornelia alikuwa mjane wa siku nyingi, mjane aliyekwisha kuzoea. Alikaa katika kijiji kimoja cha upande wa Kate, huko Ufipa, na njia ya kuteremka mtoni ilipita katikati ya uwanja wake kana kwamba haikuona kuwa pale wanaishi watu. Njia hiyo ndiyo iliyomletea taabu. Viongozi wa kanisa walipogawa jumuiya ndogo ndogo, walisema mpaka ni njia. Basi nyumba ya Cornelia ikaangukia Jumuiya ya Mtakatifu Monika, na jiko lake, lililokuwa ng'ambo ya njia, likaangukia Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu. Kwa miaka mingi hakuna aliyejali. Cornelia alilala Monika, akapika Yosefu, akasali popote aliposikia wimbo umeanza.

Mwaka huu katekista Wilibrodi, mtu mwembamba mwenye sauti nene, alisimama mbele ya waumini akawakumbusha lile neno la Yesu, kwamba wanafunzi wake watajulikana kwa jinsi wanavyopendana. Hapo angeweza kukaa, na watu wangerudi nyumbani salama. Lakini akaongeza la kwake: ingefaa ijulikane pia ni jumuiya ipi inapenda zaidi. Itakayoshinda kwa matendo ya huruma itapewa beberu siku ya sikukuu ya somo wa kanisa. Beberu akaletwa, akafungwa kwenye mti karibu na kengele ili kila mtu aone upendo una ukubwa gani.

Shida ikawa kumpata wa kupendwa. Maskini kijijini walikuwepo, ila hakuna aliyekubali kuwa mmoja wao. Mzee mmoja alipoona watu wanaingia uwanjani kwake na sukari, aliwauliza ni nani aliyewaambia hana sukari, na kama mtu huyo anaweza kuja kulisema hilo mbele yake. Wakarudi na sukari yao.

Ndipo Mungu akawasaidia. Hayo si maneno yangu, aliyasema Leonsi, mwenyekiti wa Mtakatifu Monika. Bibi Cornelia aliteleza kwenye tuta akitoka kuangalia ulezi wake, akavunjika kifundo cha mguu. Wakampeleka Sumbawanga, akafungwa plasta nyeupe nzito kama tofali, akarudishwa nyumbani na fimbo.

Hakuwa hata amekunja khanga aliyosafiria, Monika wakaingia. Walikuja na wimbo, sabuni na simu ya kupigia picha. Leonsi alivaa koti.

"Pole sana, mama."

"Asante, baba. Karibuni."

"Tumeguswa. Jumuiya nzima tumeguswa. Sogea kidogo, mama, mguu uonekane."

Akausogeza mguu. Picha ikapigwa.

"Sasa, mama, sema usiogope. Una shida gani tukusaidie?"

Cornelia alikuwa na shida moja tu, kubwa, na ilikuwa inaonekana kutoka pale alipokaa. Ulezi wake ulikuwa umekomaa kule chini karibu na mto, vichwa vimegeuka rangi ya kahawia, ndege wanashuka na kupanda. Ulezi huvunwa kwa kisu kidogo, kichwa kwa kichwa, na mtu wa fimbo hawezi. Na ofisi ya kijiji ilikuwa imekwisha kutangaza siku ya kufungulia mashamba. Siku hiyo ng'ombe huachiwa wale mabua popote, na ambaye hajavuna huwa amewapikia ng'ombe. Ulezi ule ulikuwa chakula chake cha mwaka na mbegu ya mwaka mwingine. Hakuwa na mwingine. Mwanawe Meshack alikuwa Kabwe akifanya biashara ya samaki. Alipiga simu kila wiki kumtumia salamu nyingi, na salamu hazivuni.

Lakini mtu husema vipi neno kama hilo kwa wageni? Kwao, kazi ya watu wengi huitwa kwa pombe. Unapika pombe ya ulezi, majirani wanakuja, wanavuna, wanakunywa, heshima ya kila mtu inabaki mahali pake. Kuwaita bila pombe ni kuwafanya vibarua, tena vibarua wa bure. Basi pombe ilitaka ulezi, na ulezi ulikuwa shambani ukingoja watu, na watu walikuwa wakingoja pombe.

"Mimi sina shida, baba," akasema Cornelia. "Ni mguu tu."

Leonsi akashusha pumzi kama mtu aliyeondolewa gunia begani. "Mungu ni mwema!" akasema, akakaa vizuri zaidi.

Akakaa, wakakaa. Mgeni haondoki nyumba ya Mfipa na tumbo kavu, hilo hata mtoto anajua. Cornelia akashika fimbo yake, akavuka njia kwenda jikoni.

"Usihangaike, mama," wakamwambia, macho yakimfuata kuku.

Akahangaika. Akasonga ugali amesimama kwa mguu mmoja. Wakala, wakasali, wakaimba, wakaenda zao.

Habari zikamfikia Otilia, mwenyekiti wa Mtakatifu Yosefu, mama mnene mwenye haraka. Kesho yake akafika na watu wengi kuliko wa Leonsi, na sabuni kubwa kuliko ya Leonsi.

"Hata aibu hawana," alisema kabla ya shikamoo. "Wamepikiwa wapi?"

"Jikoni," akajibu Cornelia.

Otilia akawageukia watu wake. "Si mmesikia? Jikoni ni kwetu. Huruma yote iliyofanyika jikoni ni ya Yosefu. Shikamoo, mama. Una shida gani?"

"Marahaba. Sina shida, mwanangu."

"Nilijua. Wewe ni mtu wa imani." Na kuku wa pili akaenda alikokwenda wa kwanza.

Tangu hapo hakupumzika. Monika wakija asubuhi, Yosefu wanakuja jioni. Yosefu wakiimba nyimbo ndefu, Monika wanaongeza rozari. Sabuni zikajaa chini ya kitanda, na debe la unga likaanza kulia tupu ukiligonga. Cornelia, ambaye maisha yake yote alikuwa akiomba asisahauliwe na watu, sasa usiku aliomba wamsahau walau mpaka mguu upone. Kila wimbo ulipokwisha alitazama kule chini mtoni. Ndege walikuwa wameongezeka.

Siku moja, Monika walikuwa ndio kwanza wametoka na nyimbo zao zinasikika bado njiani, akaingia Kabula. Huyu alikuwa Msukuma, mke wa mfugaji aliyehamia ng'ambo ya mto. Cornelia alimfahamu kwa mbali tu. Wafugaji wale aliwaita watu wa ng'ombe, na kwa miaka yote salamu yake kwao haikuvuka mto. Kabula hakuwa wa jumuiya yoyote. Watu walisema haijulikani anasali wapi, na waliosema hivyo hawakuwahi kumuuliza.

Kabula akapiga goti kwa heshima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Lile shamba la ulezi pale mtoni ni la nani? Keshokutwa mashamba yanafunguliwa. Ng'ombe wetu wanapita hapo hapo, na sisi hatutaki ugomvi na mtu."

"Ni langu."

"Mbona halijavunwa?"

Cornelia akaonyesha mguu.

Kabula akautazama mguu, akatazama njiani kule nyimbo zilikokuwa zinaishia. "Na wale waliotoka hapa?"

"Wale walikuja kunipenda," akasema Cornelia. Akashangaa kusikia kicheko kimemtoka. Kabula naye akacheka, akajizuia kwa kuziba mdomo, maana bibi wa watu alikuwa anacheka na machozi.

"Basi kesho asubuhi tunavuna."

"Mwanangu, sina pombe."

"Nani amekuomba pombe?"

"Hata unga wa kuwapikia..."

"Bibi, sisi huwa tunakula kazi ikiisha. Na chakula nitabeba mimi, wewe utabeba fimbo."

Usiku ule Cornelia hakulala vizuri. Ilikuwa rahisi kupokea sabuni ya Leonsi, maana mwenye kuipokea na mwenye kuitoa walijua wote wawili inanunua nini. Hiki cha Kabula hakujua akiweke wapi. Aliwaza maneno aliyowahi kuyasema juu ya watu wale na ng'ombe wao, akajigeuza kitandani, na plasta ikagonga ukuta.

Asubuhi Kabula alifika na wake wa shemeji zake na vikapu. Wakambeba Cornelia juu ya baiskeli ya kubebea maji, wakamweka kwenye kigoda mwanzoni mwa shamba, akapewa kisu naye akate vile vinavyofikika. Kabula alikata haraka lakini hakuangusha punje. Mchana waliona shamba limeliwa nusu kwa visu. Lakini nusu nyingine ilibaki imesimama, na jua lilikuwa limeanza kuinama, na ng'ombe walikuwa wanangojea kesho.

"Tutaishia njiani," akasema Kabula, akijifuta jasho. Hakusema zaidi. Cornelia akatazama ile nusu iliyobaki, akajua ndiyo iliyokuwa na mbegu nzuri.

Hapo ndipo nyimbo zikasikika. Ilikuwa Jumamosi, siku ya mwisho ya mashindano, na Monika walikuwa wamepanga kumaliza kwa kishindo. Yosefu nao walikuwa wamepanga hivyo hivyo. Walikutana uwanjani kwa Cornelia, wakakuta mlango umefungwa na jiko limepoa, na kila upande ukadhani upande mwingine umemwiba mgonjwa. Wakafuata njia mpaka mtoni, hawa wakiimba sauti ya kwanza na wale wakiimba wimbo mwingine kabisa. Wakasimama kwenye ukingo wa shamba na nguo zao safi.

"Mama!" Leonsi akaita. "Mgonjwa anafanya nini shambani?"

"Anavuna," akajibu Kabula bila kuinuka. "Karibuni. Visu viko pale kwenye kikapu."

Otilia akavuta khanga yake juu kidogo isiguse vumbi.

"Sisi tumekuja kumwona mgonjwa," akasema.

"Si huyu hapa? Mtamwona vizuri mkiwa huku ndani."

"Bibi Cornelia," akasema Leonsi kwa sauti ya uchungu, "mbona hukutuambia? Sisi tulikuuliza kila siku una shida gani."

Cornelia alifungua mdomo kusema hana shida, kama alivyozoea. Neno likamfika kwenye meno likakwama. Akatazama vichwa vya ulezi vilivyosimama.

"Sikuwaambia, baba, kosa langu," akasema. "Nilijivuna, sikutaka kuwaita bila pombe. Sasa naomba. Ng'ombe wanaingia kesho. Nivunieni."

Ilikuwa sentensi fupi, lakini wengi walitamani asingeisema. Leonsi akatazama koti lake. Otilia akamtazama Leonsi. Kila mmoja alikuwa tayari kuondoka mradi mwenzake aondoke kwanza, na kila mmoja aliona beberu akitembea kwenda kwa yule atakayebaki.

"Monika hatujawahi kushindwa na ulezi," akasema Leonsi, akavua koti.

"Jamani, Yosefu!" Otilia akapiga makofi. "Shikeni visu! Huku chini kote ni kwetu!"

Ndivyo walivyoingia shambani, na sitasema waliingia kwa sababu nzuri. Walivuna kwa ushindani, wakisukumana kwenye mipaka waliyojichorea wenyewe. Mpiga picha wa Monika alimwomba Kabula asogee kidogo asiharibu picha. Kabula akamkabidhi kikapu kilichojaa, na mpiga picha akajipiga picha yake mwenyewe akiwa ameelemewa. Leonsi alijikata kidole akakionyesha kwa kila mtu kama aliyeteswa kwa ajili ya dini. Katekista Wilibrodi alipopita kuona kelele ni za nini, Kabula akampa kisu naye kabla hajatoa neno, na ile sauti nene ikatumika kufukuza ndege.

Lakini mikono ikizoea kazi, mdomo huchoka kujisifu. Kufikia jua kupoa hakuna aliyejua tena mpaka uko wapi. Otilia alikuwa amekaa chini karibu na kigoda cha Cornelia, khanga imejaa vumbi, wakikata pamoja na kumsengenya marehemu mume wa Otilia kwa mapenzi. Mtu wa Yosefu alimbebea mtu wa Monika kikapu, akashtuka, akaendelea kubeba. Shamba likaisha. Chakula cha Kabula hakikuwatosha wote, kila mtu akapata tonge, na hakuna aliyesema usihangaike.

Kesho yake ng'ombe waliingia wakakuta mabua matupu.

Siku ya sikukuu Wilibrodi alimwita Cornelia mbele ya kanisa ataje jumuiya iliyompenda zaidi. Leonsi alikuwa amekuja na kamba.

"Wote walinivunia, nawashukuru," akasema Cornelia. "Lakini wa kwanza kuniuliza kwa nini shamba halijavunwa ni Kabula. Beberu apewe Kabula."

"Mama, Kabula hana jumuiya," akasema Wilibrodi, polepole, kama anayemweleza mtoto.

Otilia akasimama upesi. "Kweli nyumba yake iko ng'ambo, lakini maji anachota upande wetu!"

"Upande wenu?" Leonsi akadakia. "Kisima kile ni cha Monika tangu enzi!"

Wakaendelea. Mpaka leo beberu yuko pale karibu na kengele, amenenepa, amemaliza maua ya altare mara nyingi, na kamati bado inakaa. Kabula alipoambiwa alicheka tu. Mbuzi anao wa kutosha.

Cornelia hakungoja kamati. Plasta ilipotolewa alitwanga kimea cha ulezi wake, akapika pombe chungu kizima, akakifunika kwa majani. Akajitwika chungu, akashika fimbo mkono mmoja na sketi mkono mwingine, akavuka mto kwa miguu yake, mara ya kwanza tangu wale watu wahamie.

"Mwangaluka," akasema mlangoni kwa Kabula, akitua chungu. Salamu hiyo ya Kisukuma alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima.

"Mwangaluka, mayu!" Kabula akaruka. "Karibu, keti, usihangaike, nakuwekea ugali sasa hivi."

"Sikuja kula," akasema Cornelia. "Nimekuja kuuliza. Mahindi yako yote yale, unapukuchua na nani?"

Akavuta kinu kilicholala, akakikalia, akaanza na hindi lililokuwa karibu.