Milango Iliyohama na Namba Zake

Siku niliyopata kazi ya kuhesabu watu kwenye sensa nilirukaruka sebuleni kwetu Buyenzi mpaka mama akauliza kama nimepata mchumba. Mchumba wa nini! Nilikuwa na tableti, kofia na eneo langu mwenyewe.

Eneo lilikuwa kijiji kidogo upande wa Gatumba. Wenzetu wa ramani walikwisha kupita, wakaandika kwa rangi namba ndefu kwenye kila mlango: mkoa, komine iliyo kama wilaya, kilima kama tunavyoita kijiji, mwisho nyumba. Mimi nilitakiwa kuifuata hiyo namba na kuandika waliolala humo. Kazi ya kitoto, nikajiambia.

Nilipofika nikakuta maji ya mto uliofurika. Kuta zimesimama nusunusu, mlango hakuna hata mmoja. Mchunga ng'ombe akaninyooshea kidole juu, nyuma ya mashamba ya mpunga, nami nikapanda huko na matope yangu na hasira zangu.

Kumbe walihama na milango! Mlango wa bati ni mali, nani auachie mto? Kila kibanda kipya kilikuwa na mlango wake wa zamani na namba yake ya zamani. Tena wamejenga kwa kufuata zile namba, jirani pembeni ya jirani yule yule, ili mwenye kuhesabu asipotee. Nilicheka kwa furaha, wallahi, nikataka kuwakumbatia wote.

Tableti ikakataa. Kwenye ramani yake pale niliposimama palikuwa pori. Nikampigia simu msimamizi wetu, akasema niandike namba ya mlangoni, yaishe. Mama mmoja muuza ndagala, vile vidagaa vya ziwani, aliyekuwa amenipa kigoda nikae, alisikia. Akanieleza taratibu kwamba walikwisha kwenda komine kuomba bomba la maji, wakajibiwa kuwa huku juu hakuna mtu. Namba ya zamani ingewarudisha mtoni, na bomba wasingelipata kamwe.

Damu ikanipanda. Nikampigia tena msimamizi, nikamwambia siandiki mtu hapa mpaka aje aone kwa macho yake.

Alikuja kwa pikipiki, amenuna, kiu imemshika. Akaomba maji. Yule mama akamletea kikombe cha maji ya mfereji wa mpunga, ya rangi ya chai. Msimamizi akayatazama, akatazama vibanda, akakiweka kikombe chini bila kunywa. Kisha akatoa simu na kupiga ofisi kuu ya sensa kule Kigobe ili pale papewe namba mpya, na sijawahi kumsikia mtu mzima akibembeleza vile.

Tulingoja mpaka jua likaanza kulegea. Kila tableti ilipolia niliruka, na kila mara ilikuwa betri. Halafu ikaja: pori likafutika kwenye ramani, na namba mpya ya eneo ikakaa palepale tuliposimama. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Wanawake wakaipokea kwa vigelegele.

Nikachukua rangi, nikaanza kwa muuza ndagala. Nilipoinua brashi kwenye mlango wake, akaufunika kwa kiganja.

"Apana, mwanangu. Andika ku ukuta. Mlango unajua kuhama, na mi nimechoka kuhama."

Maelekezo yetu yalisema mlangoni. Nikaandika ukutani, tarakimu kubwa kubwa, na msimamizi akanishikia kopo la rangi.