Matembezi Ambayo MaMpofu Hakutembea

Mzee Elphas Dlodlo alipostaafu kazi ya reli bado alikuwa na nguvu zake, lakini hakujua pa kuzipeleka. Alihamia kibarazani. Nyumba yetu na yake zinatazamana hapa Luveve, kwa hiyo nilimwona kila siku: asubuhi kiti kiko upande huu wa mlango, mchana kimefuata kivuli upande ule, jioni kimerudi. Mkewe, MaMpofu, alikuwa akifagia na kumzunguka kama mtu anavyozunguka kabati.

"Inua miguu, Dlodlo," alimwambia. "Hata vumbi linataka njia."

MaMpofu mwenyewe hakuwa mzima. Sukari ilikuwa imemkaa mwilini miaka mingi, na miguu ilikuwa inamfa ganzi. Lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa, na mtaa mzima ulimpenda kwa ulimi huo, wale aliowachoma nao pia.

Walizaa watoto wawili. Binti alifariki mdogo. Aliyebaki, Mthabisi, alikuwa Uingereza akiwatunza wazee wa watu: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Krismasi moja alikuja nyumbani, akamkuta mama anahema kwa kutoka tu bombani, na baba amekuwa sehemu ya kibaraza. Siku ya pili akawakalisha.

"Baba, sitaki mkimbie, sitaki mruke. Ukimaliza kupiga mswaki, unavaa viatu, unamchukua Mama mpaka getini, mnarudi. Basi."

"Mpaka getini?" MaMpofu akacheka. "Hata kuku wangu wanafika getini."

"Basi kuku wamekuzidi, Mama."

"Sikia mtoto huyu! Wazungu wamemfundisha kunitukana."

Lakini siku iliyofuata walikwenda. Mthabisi akamfungulia baba yake blogu kwenye simu, akaiita Mpaka Getini. "Ukishakunywa uji, unaandika mistari michache. Mmefika wapi, Mama kasema nini. Mimi nitasoma huko kabla ya kazi. Nisipoona kitu nitajua mmelala."

Mzee Dlodlo hakuwa mtu wa kuandika. Mistari yake ya mwanzo ilikuwa kama taarifa ya reli: Tumetoka. Tumefika. Tumerudi. Hali ya hewa nzuri. Ni MaMpofu aliyemkemea. "Nani atasoma hayo? Andika kwamba mbwa wa jirani MaNgwenya amekubwekea ukashika mkono wangu." Akaandika. Na watu wakaanza kusoma. Kwanza jamaa, halafu jamaa wa jamaa, halafu watu wa Gwanda, wa Gaborone, wa Johannesburg, vijana wa kwetu waliotawanyika kama mtama uliomwagika, ambao kila asubuhi walitaka kujua MaMpofu amesema nini leo. Getini pakawa padogo. Wakafika kwenye kona, kisha kwa muuza mboga, kisha hadi uwanja wa mpira na kurudi. Mzee akapungua kitambi. Kile kiti cha kibarazani tukaanza kukiona kitupu. Mama mmoja wa Gwanda aliandika kwamba naye amemtoa mama yake kitandani, wamefika getini. MaMpofu akasomewa, akafurahi mpaka akafuta macho. "Mwambie mlango wa geti lao usifungwe, wasijisingizie."

Baada ya mwaka mzima wa kutembea, Januari, Mthabisi akatuma viatu. Raba nyeupe zenye mstari wa zambarau, soli nene kama mkate. MaMpofu alizivaa akapita mtaa mzima, nyumba moja hadi nyingine, akiinua sketi kidogo. Alipoulizwa kwenye simu kama zinamkaa, alisema zinamkaa kama alizaliwa nazo. Namba alikuwa ameitaja mwenyewe, ile ya siku za usichana wake, wakati miguu haijavimba.

Zilikuwa zinabana, naye hakuhisi, kwa sababu ya ganzi. Ni mzee aliyeona damu kwenye soksi, akiwa anafua.

Kidonda kilikuwa kidogo, pembeni mwa kidole cha mwisho. Wakakiosha kwa maji ya chumvi. Hakikupona. Wakaenda kliniki, wakapewa dawa na bandeji, wakaambiwa asitembee na arudi. Akarudi mara moja, mara ya pili akasema foleni ni ndefu na yeye si mgonjwa. Na siku ile ya kwanza aliyokaa ndani ndipo jambo lenyewe lilipoanza. Mzee alikunywa uji, akachukua simu, akaanza kuandika kwamba mama ana kidonda. MaMpofu akamnyang'anya.

"Unamwandikia nini mtoto?"

"Ukweli. Kwamba umeumia."

"Ameumia kwa nini? Atauliza. Utamjibu nini, Dlodlo? Kwamba ni viatu?"

Mzee akazitazama zile raba chini ya kitanda.

"Yule amenunua viatu vile kwa kuwaosha watu makalio," MaMpofu akasema. "Na karatasi zake za kukaa kule zinashughulikiwa upya, unajua. Akitoka sasa mlango unafungwa nyuma yake. Kwa ajili ya kidole? Andika tumefika kwenye kona."

"Hatujafika kwenye kona."

"Tulifika juzi. Kona haijahama."

Akaandika wamefika kwenye kona. Akaandika pia maneno aliyoyasema MaMpofu kuhusu kona, na maneno hayo angalau yalikuwa ya kweli.

Alikuja mdogo wake MaMpofu kumuuguza, Ntombizodwa, kutoka upande wa Plumtree. Mwanamke mkavu, mchapakazi, asiyejua kuzunguka neno. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua bandeji kila asubuhi. Mimi niliingia pale mara kwa mara kupeleka maji, maana bomba letu lilikuwa likipata siku ambazo lao halipati, na nilikuwa naisikia harufu kabla sijavuka mlango. Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa ili harufu isitoke, jambo lililoifanya izidi. Upande mmoja wa chumba Ntombizodwa amepiga magoti na beseni. Upande wa pili mzee amekaa na simu, miwani puani, anaandika.

"Shemeji, leo umempeleka wapi dada yangu?" Ntombizodwa alimuuliza siku moja, bila kugeuka.

"Mpaka kwa muuza mboga."

"Amenunua nini?"

"Nyanya."

"Mwenzako ameoza, wewe unanunua nyanya."

"Ntombi!" MaMpofu akamkatiza kutoka kitandani. "Muache. Na nyanya zilikuwaje, Baba Mthabisi? Andika zilikuwa ndogo na muuzaji nimemsema."

Kila Jumapili Mthabisi alipiga simu. Alitaka picha, lakini mtandao wa kwetu ulikuwa shahidi mzuri wa uongo, unakatika wenyewe. Ilipopatikana picha, MaMpofu alikuwa amevikwa kitambaa cha kichwa, amepakwa mafuta, mto mgongoni, mguu nje ya kioo cha simu. "Nimetoka kutembea sasa hivi," alimwambia mwanawe. "Hata jasho halijakauka." Jasho lilikuwepo kweli. Lilikuwa la homa.

Mwezi wa nne wakamwambia hospitalini kwamba mguu ukatwe chini ya goti. Akauliza kama atapona. Wakamwambia wakikata mapema, huenda. Akasema atafikiri. Alirudi nyumbani na kufikiri wiki nzima, na Ntombizodwa alimpigia magoti, na mzee alimpigia magoti, mtu ambaye sijawahi kumwona amempigia magoti binadamu.

"MaMpofu, nakuomba. Utatembea kwa gongo."

"Nikikatwa mguu, Dlodlo, utaandika nini?" akasema, akijaribu kucheka. Kisha akaacha kucheka. "Naogopa. Mama yangu walimkata, hakurudi. Niacheni nioze nikiwa mzima."

Siku aliyokubali, hawakuweza tena kukata. Sumu ilikuwa imeshapanda. Alifariki mwezi wa tano mwanzoni, mchana, wakati mzee ametoka kwenda kununua sabuni. Asubuhi ya siku ile alikuwa ameandika kwamba wamefika uwanja wa mpira, vijana wanacheza bila refa, na MaMpofu amejitolea kuwa refa.

Mthabisi aliyasoma hayo akiwa kwenye basi anaenda kazini, zamu ya mchana. Simu ya msiba ikamkuta kabla hajashuka.

Akaja. Karatasi zake zilikuwa bado hazijatoka, na alijua anachofanya. Alifika asubuhi ya mazishi na begi moja, akasimama kaburini bila kulia, akatupa udongo, akarudi nyumbani akakaa na wanaume kwenye moto wala asile. Hakumpa baba yake mkono. Watu wakadhani ni huzuni.

Kesho yake jamaa walikuwa wamekaa uani wakigawana kazi za kuanua matanga. Mthabisi akatoka ndani, amevaa nguo zilezile, akasimama mbele ya baba yake na simu mkononi.

"Baba, naomba unisaidie kusoma. Labda sijui kusoma vizuri." Akaanza, kwa sauti. "'Leo MaMpofu amenishinda hadi kwenye kona. Nilipofika alikuwa ameshakaa kwenye jiwe, ananiuliza kama nimepitia Harare.' Siku hiyo Mama alikuwa wapi?"

Akasukuma kioo cha simu kwa kidole, akasoma tena.

"Hii nyingine. 'Tumekwenda hadi uwanjani.' Siku hiyo alikuwa wapi, Baba?"

"Mwanangu, kaa chini," mjomba mmoja akasema.

"Nitakaa akinijibu. Mimi naosha mama za watu. Najua kidonda kikianza kinatakiwa nini, ndiyo kazi yangu! Neno moja tu, ningempigia daktari mimi mwenyewe, ningemlazimisha Mama akatwe, angenisikia mimi. Ulikuwa unanichekesha kila asubuhi kama mtoto mdogo. Nilikuwa nawasomea wenzangu kazini! Kwa nini? Niambie kwa nini tu."

Mzee Dlodlo aliangalia chini. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na nakumbuka kidole kimoja kilikuwa kinasogea kama kinaandika. Angeweza kunyamaza hivyo mpaka jua lizame. Ni Ntombizodwa aliyeshindwa. Alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi.

"Kwa sababu ni viatu vyako," akasema. "Unataka kujua? Ni zile raba zako. Zilimkata kidole, hakuhisi. Dada alituapisha usijue. Huyu mzee unayemwaibisha mbele za watu alikuwa anakukinga wewe."

Mthabisi akamgeukia. "Namba sita," akasema. "Aliniambia namba sita. Nilimuuliza mara mbili."

Hapo ndipo mzee alipoinua uso. "Ni mimi niliyemwambia aseme sita," akasema. "Sikumpima. Kosa ni langu."

Ulikuwa uongo. Ntombizodwa alijua, mimi nilijua, nusu ya wanawake waliokaa pale walikuwapo siku MaMpofu anajisifu kwamba mguu wake ni namba ya msichana. Hakuna aliyesema kitu. Na sidhani Mthabisi aliamini. Alimtazama baba yake kwa muda, akaweka simu juu ya kiti, taratibu, akatoka nje ya geti. Tulimsubiri chakula cha mchana, hakuja. Alirudi jua likielekea kutua, viatu vimejaa vumbi jekundu, akaingia chumba cha mama yake akafunga.

Uingereza hakurudi. Mlango ulifungwa kama MaMpofu alivyosema utafungwa. Alikaa hapa mtaani miezi michache akitafuta kazi isiyokuwepo, yeye na baba yake wakipishana ukumbini kama wapangaji, kisha akavuka mpaka kwenda Johannesburg, akapata kazi ileile ya wazee kwa malipo ambayo hataki kuyataja. Ntombizodwa aliondoka kabla yake. Mzee hakumuaga. Alisema, na aliniambia mimi, kwamba shemeji yake alichukua kitu cha mwisho ambacho yeye mzee alikuwa amempa MaMpofu, ile ahadi, akakivunja mbele ya watu. Nilimwambia mwanamke yule aliosha kidonda miezi mitatu. Akasema anajua. Hajamsamehe hadi leo.

Kuhusu blogu, watu waliendelea kuuliza. MaMpofu yuko wapi siku hizi? Mzee, mmelala? Baada ya miezi kadhaa aliandika mara moja tu. Nilikuwa naye, aliniomba nimsahihishie. Aliandika kwamba mkewe amefariki mwezi wa tano, na kwamba matembezi yote tangu mwezi wa pili hayakuwapo, maneno tu ndiyo yalikuwa yake. Wengi wakampa pole. Yule mama wa Gwanda aliandika hivi: "Baba, mama yangu alikuwa anachoka, nami nikimwambia, 'Twende, mwenzako mgonjwa amefika uwanjani, wewe unalia getini.' Nilimburuta. Mungu akusamehe, mimi sijui kama nitaweza." Mzee akausoma ujumbe huo mara nyingi. Hakujibu, wala hakuufuta. Tangu hapo hajaandika.

Wala hatembei. Anaamka, anapiga mswaki, anavaa viatu kwa mazoea, anakaa ukingoni mwa kitanda, halafu anavivua. Miguu yake imeanza kuvimba. Nikimsihi tutoke ananiambia kesho, kwa upole, kama mtu anayemfukuza muuzaji.

Jumapili iliyopita nilikuwa pale simu ilipolia. Mthabisi hupiga, si kila wiki. Waliongea mambo ya maji, na umeme, na bei ya unga. Kisha nikasikia sauti ya kijana ikiuliza, kwa mbali, "Unatembea, Baba?"

Mzee akanitazama, akatazama pembeni.

"Hapana," akasema. "Sitembei. Nakaa tu."

"Afadhali umesema," Mthabisi akajibu. Akauliza kama dawa za presha bado zipo. Mzee akasema zimebaki chache. Kijana akasema atatuma kwa dereva wa basi la Alhamisi, wakaagana.