Maziwa ya Kusafisha Kifua

Juzi jioni, ndani ya basi la Iringa, karibu yangu alikaa fundi wa kupaka rangi wa gereji moja ya hapa Mbeya, ovaroli yake imejaa madoa mekundu. Alikuwa amekumbatia kwa mikono miwili kopo la rangi lililofunikwa kwa jani la mgomba. Basi liliporuka kwenye shimo, yeye aliruka, kopo halikutikisika.

"Umebeba nini, baba?" aliuliza mama mwenye kikapu cha viazi.

"Maziwa, mama. Bwana mkubwa anatupa kila siku, anasema yanasafisha kifua. Ile rangi tunayopuliza kwenye malori ina sumu."

"Sasa mbona hukunywa?"

Alikohoa kwanza, akageukia dirishani ili asilikoholee kopo. "Nina mtoto, ameachishwa ziwa juzi tu. Mimi kifua changu kimeshazoea."

Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema, kwamba kopo la rangi halifai kuwekea chakula. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa.

"Nimelisugua vizuri, mzee. Kwa petroli."

Alishuka Ilomba, akaenda zake polepole asiyamwage.

Sijui nimgombeze nani. Bwana mkubwa amemjali mfanyakazi wake, mfanyakazi amemjali mwanawe, na kopo nalo limeoshwa. Kila mtu ametimiza wajibu wake, na sumu imefika nyumbani bila kumwagika hata tone.