Watoto wa Zamu ya Mchana

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Alunguli, direktera wa shule alinifungulia mlango wa darasa la mwaka wa kwanza, yeye akabaki nje. Hapakuwa na pa kupita. Watoto mia moja na wanane! Wanne kwenye benchi la wawili, wengine chini, wengine dirishani. Vita vilikuwa vimejaza mji wakimbizi kutoka vijiji vya Pangi.

"Mwalimu, watoto njo hawa," akasema. "Fundisha."

Nifundishe nini, jamani? Nikiuliza swali mbele, nyuma wanapigana. Wiki ya tatu sauti ilinikauka. Nikamwambia direktera tugawe darasa: nusu asubuhi, nusu mchana, chumba kilekile, mwalimu yuleyule. Ndizo tulizoziita zamu mbili.

Akakuna kichwa. "Sawa, lakini nani atakuja muchana? Wazazi watanikula muzima."

Hapo ndipo nilipokosea, na sitaki mtu anitetee. Wazazi wenyeji walijaa ofisini kila siku kulalamika. Mkimbizi hakuja hata mmoja. Basi watoto wa wenyeji nikawapa asubuhi. Wa wakimbizi nikawapa mchana, saa ambayo mama zao wanawataka wakateke maji na kuchuma sombe, yaani majani ya muhogo, bati linachoma, na mimi mwenyewe nimechoka hoi.

Darasa la asubuhi lilipendeza! Kila mtoto nilimjua kwa jina, kila mtoto alifika ubaoni. Inspektera, yaani mkaguzi wa shule, alipopita akanipa mkono. "Hii njo kalasi," akasema. Habari za mchana hakuuliza, wala mimi sikumwambia.

Mchana walipungua: ishirini, kumi, watano. Mwisho akabaki Zaina, msichana wa miaka saba hivi, benchi la mbele, peke yake. Tulikuwa tumefika herufi ya M. Siku moja nikamwambia, "Mama, rudia nyumbani. Nitakuita wenzako wakirudi." Nikafunga mlango. Sikumwita.

Nimestaafu zamani. Sasa masomo ya bure yamejaza madarasa tena, na walimu vijana huja kuniuliza jinsi ya kuyagawa. Nawafokea hata kabla hawajakaa: zungusheni zamu! Wiki hii asubuhi, wiki ijayo mchana, mtoto wa huyu na wa yule sawasawa! Wanacheka, eti Mama Mwalimu ana moto. Wacheke tu. Mimi situlii.

Mwaka huu mwanamke alisimama mlangoni pangu, mtoto mgongoni, na karatasi ya kituo cha afya mkononi.

"Jambo, Mwalimu. Ni mimi Zaina. Unisomee, dawa ya mutoto wameandika mara ngapi?"

Nikamsomea: kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Akayarudia maneno hayo mara tatu, polepole, asije akasahau njiani. Kisha akanishika kwa mikono miwili.

"Mungu akubariki, Mwalimu wangu."

Mwalimu wangu! Heri angenitukana.