Punje Mbovu za Elifasi

Mchezo ule ulinigharimu siku kumi na mbili za likizo, kucha mbili za mkono wa kulia, na safari moja ya kwenda Arusha juu ya magunia ya kahawa. Nimehesabu mara mbili, na hesabu haijabadilika. Kila ninapokutana na harufu ya kahawa iliyotoka kumenywa, ule uchachu wa togwa lililosahauliwa mtungini, kucha zile hunirudia, na hasira huja nyuma yake bila kubisha hodi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa na miaka kumi, na mdogo wangu Elifasi alikuwa na saba, na pengo la jino la mbele ambalo alilionyesha kwa kila mgeni kama cheti. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya Kikwe, imezungukwa na migomba na mibuni mpaka jua lilikuwa likiingia uani kwa kuomba ruhusa. Shule ilipofungwa mwezi wa Julai ukungu ulikuwa unashuka alfajiri na kukaa mpaka karibu saa sita, na mtoto hakuwa na pa kwenda. Tulikaa jikoni tukichambua kahawa. Ilikuwa imemenywa, imeoshwa mferejini na kukauka ndani ya ganda lake, lakini ghala la chama cha wakulima halikupokea gunia lenye punje nyeusi, zilizovunjika wala zilizotobolewa na wadudu. Hizo ziliondolewa kwa mkono, moja moja, kwenye ungo. Jaribu ungo mmoja tu, halafu tuzungumze habari ya mapumziko.

Mwaka ule mimi na Elifasi tulinung'unika siku tatu mfululizo. Siku ya nne Baba aliingia jikoni, akavua kofia, akatutazama kama mtu anayetaka kuuza mbuzi mwenye kilema.

"Basi," akasema, "likizo hii hakuna kazi. Tunacheza."

Kanuni zilikuwa nyepesi. Kila mmoja apewe ungo wake na kibuyu chake. Kila punje mbovu utakayoitoa ni alama moja. Baada ya siku kumi na mbili, mwenye alama nyingi atapanda lori pamoja na Baba kupeleka kahawa Arusha. Sikuwa nimewahi kufika mjini. Binamu zangu wote walikwisha kufika, na walilitaja lile jambo hata tulipokuwa tunazungumza habari za kuku.

"Mmoja tu," Baba akaongeza. "Dereva hachukui ukoo mzima."

Mimi sikuzaliwa jana. Niliuliza kama punje ndogo nazo zinahesabiwa.

"Zinahesabiwa."

"Na nikimshinda kwa punje moja?"

"Moja inatosha."

"Na nani anahesabu?"

"Mama yako. Na wewe utarudia, nakujua."

Nilidhani nimefunga kila mlango. Nilisahau kuuliza swali moja tu: ule ubovu wa punje utoke wapi?

Nitasema kweli, maana hasira isiyo na haki hainisaidii: siku zile zilikuwa tamu. Moto uliwaka tangu asubuhi, ndizi zilichomwa kwenye majivu, Mama alitutegea vitendawili huku mikono yake ikienda yenyewe, na Baba aliporudi kutoka shambani tuliimba nyimbo za kanisani, yeye akishika sauti ya chini iliyotikisa vifuniko vya sufuria. Jioni Mama alimwaga vibuyu, akapanga punje kumi kumi, mimi nikarudia, ndipo akachora mistari ya mkaa kwenye mlango. Siku ya tano nilikuwa mbele kwa punje sitini na moja. Usiku niliota magurudumu.

Siku ya sita Elifasi alihamisha kigoda chake karibu na mlango, akatugeuzia mgongo. Alisema pale kuna mwanga. Kuanzia hapo hakuimba tena.

"Mbona kimya, baba?" Mama akamuuliza.

"Koo linauma, Mama."

Akapewa asali. Naomba msomaji aiweke asali hiyo kwenye hesabu, mimi nimekwisha kuiweka. Jioni kibuyu chake kilijaa mpaka shingoni. Kesho yake vivyo hivyo. Mimi nilikwangua ungo mpaka kucha zikapasuka, na yeye akanigeukia, mashavu yamevimba kidogo, akasema, "Dada, macho yako yamezeeka. Mwombe mchungaji miwani."

Alinishinda kwa punje tisa. Nilizihesabu mara mbili, kisha ya tatu, mpaka Mama akaninyang'anya kibuyu.

Lori lilikuja asubuhi ya Ijumaa. Elifasi alipandishwa juu ya magunia, amevaa koti la Baba lililomfika vifundoni, na Baba akaketi kando yake, mkono mmoja ukiwa umemzunguka ili asidondoke. Mimi nilibaki barabarani nimeshika ndoo ya maji. Walirudi jioni. Elifasi alikuwa ameona saa kubwa iliyosimama juu ya mnara wake katikati ya mji, daraja la mto Themi, na watu wanaovaa viatu siku ya kazi. Alisimulia wiki nzima. Mimi aliniletea kipande cha mkate, na hicho nacho kilikuwa kimeng'atwa.

Lakini Baba hakuwa na raha. Punje mbovu zilikuwa karibu mara tatu ya zile za mwaka uliotangulia, na aliamini mdudu mpya ameingia shambani. Mkulima wa kwetu akisikia neno hilo halali. Akamwita bwana shamba, mtu mpole mwenye kaptula iliyopigwa pasi, ambaye alikagua mibuni asubuhi nzima, jani kwa jani, Baba akimfuata nyuma kama mwenye mgonjwa.

"Mibuni yako ni mizima, mzee. Nionyeshe hizo punje."

Mama akamletea kibuyu. Bwana shamba akachukua punje moja, akaigeuza kwenye mwanga, akachukua nyingine, akaanza kutabasamu.

"Mdudu huyu namjua," akasema. "Ana meno ya mbele. Ila moja limeng'oka."

Nikaukumbuka ule mkate. Baba akageuka.

"Elifasi, mwanangu, hebu cheka."

Elifasi akacheka, maana hakuwa amejifunza kukataa. Pengo likaonekana. Baba akacheka mpaka akaketi juu ya kinu. Bwana shamba akacheka, Mama akacheka ndani ya khanga yake. Kahawa nzuri ilitafunwa na kutupwa, mimi nimepasuka kucha, na watu wazima watatu wanafuta machozi!

"Baba," nikasema, "na safari yangu?"

"Mwakani, Naomi. Mwakani ni wewe."

Mwaka huo ulipofika, chama kilianza kutuma gari lake kukusanya magunia, na hakuna mkulima aliyepanda lori tena.

Juzi mke wa mwanangu alinipigia simu. Shule zimefungwa, watoto wamechoka na televisheni, anauliza sisi tulicheza nini nyumbani. Nilimweleza habari za nyimbo na ndizi za majivuni. Wajukuu wangu wana vitu vya kuchezea vinavyojaza chumba, lakini sijawahi kumwona mmoja wao akitaka kitu kwa siku kumi na mbili. Kisha nikamwonya: ukiweka zawadi, jiulize kwanza kila swali.

Arusha nimefika mara nyingi mno baadaye. Nimeuza nyanya mtaani Sakina miaka kumi na tisa, na ile saa nimeizoea kama uso wa jirani. Elifasi sasa ana meno ya bandia, na kila Krismasi anajidai kutaka kunilipa. Mwaka huu amesema atakodi gari dogo lenye kiyoyozi, anizungushe mji mzima. Nimekataa. Nilichopoteza ni lori, magunia, ukungu wa Julai, na mkono wa Baba umenizunguka nisidondoke. Ninyi mnaojua mambo, nishaurini: nimdai nini?